Nyumba ya Thomas Cole si ya kupita mbio

Ndugu Mhariri,

Nawasoma miaka na miaka sijawahi kuwaandikia, ila ile ripoti yenu ya nyumba za wachoraji imenikera. Mwandishi wenu kafika Catskill, jimbo la New York, nyumbani kwa mchoraji wa mandhari Thomas Cole, akaandika eti hakuna cha kuona maana picha kubwa ziko kwingine. Sawa, picha yake The Oxbow iko makumbusho ya Metropolitan, jijini New York. Lakini kuta za sebuleni aliziangalia? Kuna urembo Cole kaupaka kwa mkono wake, ukafunikwa na rangi za waliokuja baadaye mpaka wataalamu wakaufukua. Hiyo nayo si kazi yake?

Na baraza je? Mimi nilienda na gari la watalii, kampuni siitaji, tumetoka tu sebuleni kiongozi anapiga makofi twende twende, nikamwambia kaka subiri, milima ya Catskill ile pale, huyu bwana kakichora kijito cha Catskill na hiyo milima tena na tena kuanzia 1827 mpaka miaka ya 1840, ndo kilichomfanya aishi hapa na ndo kilichotuleta sisi, akanijibu baraza haimo kwenye ratiba! Kuna mama mtu mzima tulikuwa naye, ndo kwanza kakaa kitini anapumzika anaiangalia milima, akainuliwa. Nilipandwa na hasira mpaka leo hazijaisha. Mchoraji wa mandhari ukimwondolea mandhari unabaki na nini, vitanda na vikombe?

Na kutojali huku hakujaanza leo. 1836 Cole mwenyewe alilalamika kwa uchungu miti ya bonde la kijito kile ikikatwa kupisha reli. Studio aliyoibuni yeye, ya 1846, ikavunjwa 1973, iliyopo sasa imejengwa upya, 2016 ndo ikafunguliwa. Watu wamehangaika kurudisha jengo zima halafu nyie mnaandika hakuna cha kuona.

Mrudisheni huyo mwandishi. Aende mchana, akae barazani masaa mawili, simu mfukoni, mpaka jua liinamie milimani. Kesho yake avuke daraja la Rip Van Winkle kwa miguu, njia ipo, aende Olana, nyumba ya mchoraji Frederic Church, aliyekuja kwa Cole kujifunza 1844 akiwa na miaka 18. Kisha aandike upya, na mchapishe ukurasa uleule, picha ya barazani muiweke kubwa.

Msomaji wenu wa siku nyingi