Barua ya Wazi kwa Shangazi Yangu wa Tukuyu: Mkono Uliovimba Usichuliwe kwa Nguvu

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nimearifiwa kwamba tangu ulipofanyiwa upasuaji wa titi na kuondolewa tezi za kwapani, mkono wako wa kushoto umekuwa ukivimba, na kwamba kila jioni unakandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu hadi machozi yakutoke. Nakuomba kwa heshima uache jambo hilo.

Kinachoujaza mkono wako ni limfu, yaani majimaji yanayochujika kutoka katika damu na ambayo hurudishwa humo kupitia mirija myembamba, mingi yake ikiwa chini kidogo ya ngozi. Mirija hiyo haisukumwi na moyo. Hujikamua yenyewe polepole, ikisaidiwa na misuli na pumzi, na tezi zilipoondolewa njia yake ilikatika. Maji ya moto huweza kuzidisha uvimbe, na kukandamiza kwa nguvu huweza kuiumiza mirija iliyobaki.

Masaji ya limfu, iliyoanzishwa na Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmaki waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa katika miaka ya 1930, ni nyepesi kiasi kwamba utadhani unafanyiwa mzaha, kwa maana viganja huivuta ngozi tu. Tena haianzii mkononi. Huanzia shingoni na juu ya mitulinga, mahali limfu inapoingia katika mishipa ya damu, ikaenda kwenye kwapa la upande usiofanyiwa upasuaji, kifuani na begani, na mkono uliovimba ukawa wa mwisho, ili majimaji yakisukumwa yakute njia imekwisha kufunguliwa.

Mkono hupungua uzito, ngozi iliyokakamaa hulainika, na bega hunyanyuka kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, kazi kubwa hufanywa na bandeji maalumu za kubana zinazofungwa baada ya masaji, pamoja na mazoezi. (Wale wa saluni wanaodai kwamba masaji hii huyeyusha mafuta ya tumbo, waache na biashara yao.)

Unapochuma chai, vaa glovu, kwa kuwa hata mchubuko mdogo huweza kuingiza vijidudu. Siku utakapouona mkono umekuwa mwekundu na wa moto, nawe una homa, masaji isifanywe kabisa. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile haifai kwa mwenye damu iliyoganda mshipani au moyo uliodhoofika, kwa hiyo daktari akupime kwanza.

Utakapokuja Mbeya kliniki, omba uelekezwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyeisomea kazi hii, na uje na binti yako, ili naye afundishwe kukufunga bandeji nyumbani.

Mwanao,
Mbeya