Sinagogi ya Paradesi, Kochi: someni kabla ya Jumapili

Wapendwa, salaam. Jumapili tunajadili sinagogi ya Paradesi, Kochi, India. Ilijengwa 1568, Wareno wakaiharibu 1662, ikakarabatiwa Waholanzi walipoutwaa mji. Mnara wa saa uliongezwa 1760. Vigae vya sakafu, vyeupe na buluu, vilichorwa kwa mkono China. Wageni huvua viatu, na vigae vinanusurika: mchanga wa soli hukwaruza.

Muda mwingi tuupe kuta. Upepo wa bahari huleta chumvi, mvua za kusi huloweka. Ukipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu hukosa pa kutokea. Chumvi huganda ndani na kuisukuma lipu hadi ibambuke. Saruji ibanduliwe yote, taratibu, ukuta uachwe ukauke. Kisha chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu 1 kwa 3 za mchanga usio wa baharini, tabaka nyembamba, kila moja ikinyunyiziwa maji isipasuke kwa kukauka haraka. Rangi ya plastiki, hapana kabisa! Pakeni chokaa.

Mlio Lamu na Unguja, maradhi haya mnayajua. Leteni picha za kuta zenu.