Viraka vya kanga vinatosha mfarishi wa mtoto

Mhariri,

Inasikitisha kuona viraka vya kanga vikifagiliwa na kutupwa na mafundi hapa Lamu, ilhali vinatosha mfarishi wa mtoto mchanga. Mfarishi huu huungwa kwa miraba yenye umbo la moyo, na mraba mmoja, wa inchi 8 ukishaungwa, hautaki kitambaa kingi: vipande viwili vya rangi, inchi 4½ kwa 8½, na miraba ya cheupe, miwili ya inchi 4½ na minne ya inchi 2. Kanga mpya ifuliwe kwanza, hasa nyekundu, maana huchuja.

Laza cheupe kikubwa kwenye mwisho wa chini wa kila kipande, uso kwa uso, na vidogo kwenye kona za juu. Shona mshazari, kona hadi kona, kisha kata kona ya nje ya mshono ukibakiza robo inchi, ufunue cheupe. Hapa ndipo wengi hukosea: mishazari mikubwa lazima yote miwili ishuke kuelekea katikati. Ikielekea upande mmoja, moyo haupatikani. Pasi ibonyezwe, isiburutwe. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika. Unga nusu mbili kwa robo inchi. Unapounga mraba kwa mraba, mshono ukizidi robo inchi, ncha ya moyo humezwa.

Na tafadhali, vifungo na shanga visishonwe kabisa kwenye mfarishi wa mtoto.

Mafundi cherehani,
Langoni, Lamu