Wanasoma vizuri, ila maswali yanawashinda

Langoni, Lamu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Umesema kwenye simu kwamba Kidato cha 3 unaowafundisha wanasoma Kiingereza vizuri, ila maswali ya ufahamu yanawashinda. Halikunipendeza neno hilo. Asiyeweza kujibu hajasoma, ametamka. Watoto wetu hutoka chuoni, kwenye madrasa, na ndimi zilizonyooka, tajwidi (kanuni za kusoma Kurani) safi, na Kiarabu chenyewe hawakijui. Msahafuni wana thawabu zao. Kwenye Kiingereza wanakuletea ulimi ule ule, nawe unaupa alama.

Basi acha kuwasimamisha mmoja mmoja wasome kwa sauti. Anayesoma akili yake iko kwenye matamshi, na wenzake wanahesabu aya itakayowaangukia. Wape dakika 2 za kichwa na aya ya kwanza, wabashiri. Kisha wasome kimya, kamusi zimefungwa. Wakimaliza, kila mtu aandike sentensi 1: kifungu kinasema nini? Akiiandika kwa Kiswahili usimkaripie, hapo unapima kuelewa tu.

Na kifungu kichague. Watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba kusoma bila msaada kunataka msomaji ajue takriban asilimia 98 ya maneno. Kwenye maneno 300, mageni yasizidi 6. Yakizidi, fundisha mapema yale 4 au 5 yanayofunga maana, mengine wayakisie kwa sentensi zilizoyazunguka. Ukiwaachia kamusi, mtoto husimama kila neno, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka.

Viwakilishi usiviruke. Sisi tukisema "amekuja" hatubagui mwanamume na mwanamke, kwa hivyo "he" na "she" huwachanganya, na "which" ndiyo balaa zaidi. Wachore mshale kutoka kila kiwakilishi hadi kwa anayetajwa. Mshale ukienda kombo, umeshajua jibu lilipoharibikia.

Watafiti wengine, Palincsar na Brown, mwaka 1984, walifanya kazi Marekani na watoto wa aina hiyo hiyo: kutamka wanajua, kuelewa hapana. Waliwafundisha kubashiri, kuuliza maswali, kufafanua palipotatiza na kufupisha. Vikundi vya watu 4 vinafaa, ila usigawe kazi siku ya kwanza. Fikiri kwa sauti mbele yao kwanza, wakuone unapokwama na unavyojikwamua. Wewe ni mwepesi wa kufahamu, mashaallah, na ndiyo maana huna subira na mzito.

Mtihani wenyewe: Karatasi ya 2 ya Kiingereza kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ni alama 80 kwa saa 2 na nusu. Ufahamu una alama 20, kwa hivyo ni dakika 37 hivi. Wasome kifungu mara moja, wasome maswali, ndipo warudi kutafuta. Swali likitaka maneno yao wenyewe, wasinakili sentensi nzima.

Ami yako anakuja huko Alhamisi, akivuka Mokowe salama. Nimempa samli na achari ya maembe. Mikebe irudi, ile ya mara iliyopita sijaiona. Fundi wa makuti amechukua pesa na kupotea, na mvua hiyo inakuja.

Jaribu darasa moja tu wiki hii. Kisha unipigie baada ya isha, uniambie kweli: bado unawasimamisha wasome kwa sauti?

Mamako