Salamu za Idi: Haba Ngapi?

Assalaam alaykum, na Idi mbaraka kwenu nyote. Kwenu mlioko Unguja na Pemba, kwenu mlioko Dar, na nyinyi wa Maskati na Dubai ambao mwaka mwingine huwa mmeshamaliza tambi zenu wakati sisi huku bado tumekodoa macho juu tunautafuta mwezi. Allah azitakabali funga zetu, na waliotangulia awape kauli thabiti.

Ila salamu hizi khasa nawakusudia wale tuliokaa pamoja juu ya mkeka, darasa la pili, mkondo wa mchana. Asubuhi tulikuwa chuoni kwa Kurani, mchana tukaingia skuli na jasho letu, madawati wameyamaliza wakubwa. Mnajua nataka kumsema nani. Mwalimu wetu wa hesabu alifariki mfunguo tisa, na hii ndiyo Idi ya kwanza tunayoifikia bila yeye.

Nimeandika "mfunguo tisa" kwa makusudi. Ni yeye aliyetuhesabisha miezi kwa vidole kama wanavyoihesabu wazee wetu: ukishafungua, mwezi wa Idi ndio mfunguo mosi, unaofuata mfunguo pili, mfunguo tatu ndio wa kuchinja, mfunguo sita ndio wa Maulidi, mpaka ufike tisa. Halafu hesabu inakatika. Kuna Rajabu, Shaabani, Ramadhani, basi. Nikamuuliza kwa nini hakuna mfunguo kumi. Akatua chaki, akafikiri (alikuwa mwalimu wa kufikiri mbele ya watoto, haoni haya), akasema, "Hiyo mitatu watu wanaisubiri. Unayemsubiri humwiti kwa namba." Sijui kama maelezo hayo yangepita kwa mashekhe. Mimi yamenitosha miaka yote hii.

Na fitri je, ile sadaka ya chakula ya kumalizia funga, mnakumbuka? Kila ikifika kumi la mwisho la Ramadhani alikuja na ndoo ya mchanga, kibaba cha bati alichokitoa jikoni kwake, na pishi ya mbao aliyorithi kwa mama yake. Vibaba vinne, pishi moja. Kila kichwa nyumbani pishi moja, mpaka mtoto mchanga wa jana, na itoke kabla watu hawajasali sala ya Idi. Kisha swali: kwenu mko wangapi? Sisi tulikuwa saba, kwa hiyo pishi saba, vibaba ishirini na nane. Kuna mmoja wetu, simtaji, leo ni mtu mzima na heshima zake, alijibu kwao wako kumi na tisa. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alimwita mbele, akampa kibaba, akamwambia, "Pima." Akapima vibaba sabini na sita vya mchanga, kimoja kimoja, na sisi tukihesabu kwa sauti, mpaka kengele ikalia. Ndivyo nilivyojua kuwa nyumba yenye watu wengi haichekwi.

Siku hizi wengi wetu fitri tunaitoa kwa simu. Tunauliza bei ya kilo mbili na nusu za mchele, tunazidisha, tunatuma. Sina ugomvi na hilo, wajuzi wa dini wapo. Ila juzi nilipotuma ya nyumbani kwangu niliona mkono wangu unawasha, kama uliokosa kushika kitu.

Methali alikuwa hazikubali hivi hivi. Ukimwambia "haba na haba hujaza kibaba" anakukodolea: "Haba ngapi?" Siku ile alitumwagia komwe za bao tujaze kibaba tumletee jumla. Kundi moja lilileta mia moja na themanini na kitu, jingine mia moja na sitini, na kibaba ni kile kile. Akatuhesabisha tena. Ukweli ni kwamba komwe kadhaa zilikuwa mfukoni mwangu. Sikumwambia mpaka nilipokuwa nimeshaoa, Idi moja, sebuleni kwake. Akanyoosha kiganja: "Basi zilete."

Ile sebule, jamani. Ghorofani Michenzani, ngazi zile tunazipanda na viatu vipya vinavyobana, nguo zinanukia udi, mdomoni bado pilau. Mkono wa Idi kwake haukuwa wa bure. "Mjomba kakupa ngapi? Shangazi ngapi? Ukienda Mnazi Mmoja ukanunua aiskrimu mbili utabakisha ngapi?" Ukipata, sarafu. Ukikosa, anakueleza polepole, kisha sarafu ile ile. Nyumba nyingine zilikuwa zikitoa zaidi na wala hawaulizi kitu, lakini kwake tulipanda kila mwaka. Mama yangu alikuwa akishangaa: mtoto anaikimbia hesabu siku za skuli, siku ya sikukuu anaifuata ghorofani kwa miguu yake.

Mwenyewe alikuwa mtoto wa skuli ilipotangazwa elimu bila malipo Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964. Dada yake mkubwa alikuwa ameshapitwa. Alitusimulia mara moja tu: akirudi skuli jioni, dada yake anamkalisha uani amrudishie yote aliyofundishwa siku hiyo, tangu la mwanzo hadi la mwisho, huku yeye anakuna nazi. Baadaye akenda Chuo cha Ualimu cha Nkrumah, akapata cheti, lakini alikuwa akisema mwanafunzi wake wa kwanza alimpata uani kwao, na alikuwa mkubwa kuliko yeye.

Wiki iliyopita nilimpigia simu binti yake kumpa pole ya mwezi, maana Ramadhani ya kwanza baada ya msiba ni nzito kuliko hata arubaini. Akaniambia wao bado wanapima kwa ile ile pishi ya mbao. Alikaa jikoni akapima, akafunga, akahesabu mifuko: minane. Nyumbani sasa wako saba. Alihesabu mara mbili akidhani amekosea kupima, hata akakumbuka. Nikamuuliza ule wa nane kaufanyaje. Akasema kautoa pamoja na mingine, na hakutaka kulizungumza zaidi, tukahamia habari za bei ya vitambaa Darajani.

Basi nasema hivi. Wanaume tutakaojaaliwa, tukitoka msikitini siku ya Idi tupite makaburini Mwanakwerekwe tumsomee. Idi pili, baada ya alasiri, wote wa mkondo wa mchana tukutane chini ya ghorofa lake, tupande pamoja. Binti yake anajua, ameshasema visheti vitakuwepo. Njooni na watoto, na njooni na sarafu, za mia mbili na za mia tano, si noti. Mimi nitauliza maswali ya kujumlisha na kutoa. Ya kuzidisha namwachia yule aliyepima vibaba sabini na sita.

Komwe zake ninazo. Nilizitafuta kwenye sanduku la marehemu baba nikazikuta, kumi na nne. Nakuja nazo.

Idi njema.