Nge wa nchi ya theluji: barua kwa Mwalimu Neema

Medicine Hat, Alberta, Kanada

Mpendwa Mwalimu Neema,

Salaam nyingi sana. Natumaini wewe na watu wote wa nyumbani hapo Dodoma hamjambo. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako nimeipokea, na swali la wanafunzi wako, kama Kanada nayo ina nge, nimelifurahia kiasi kwamba nimeamua kulijibu kwa kirefu, maana ni jambo ninalolipenda na ambalo hata wenyeji wengi wa huku hawalifahamu. Waambie kwamba ndiyo, Kanada ina nge, na si nge waliojificha katika mizigo ya wasafiri wakashushwa hapa kwa bahati mbaya, bali ni nge wa asili ambao makazi yao yako humuhumu penye theluji.

Jina lake la kitaalamu ni Paruroctonus boreus, na aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi ni Charles Girard, mwaka 1854. Ndiye nge pekee wa asili wa Kanada, na katika Amerika yote hakuna nge mwingine aishiye kaskazini kuliko yeye. Utampata tangu majimbo makavu ya magharibi mwa Marekani, kama Nevada na Utah, ukipanda hadi British Columbia katika mabonde ya Okanagan na Thompson, na vilevile huku kusini mwa Alberta, hasa kwenye kingo za mto South Saskatchewan unaopita katikati ya mji wetu. Ni mdogo kuliko wale weusi wa huko kwenu. Mkubwa wao, ukimpima pamoja na mkia, hufikia kama sentimita 5, na rangi yake ni ya udongo wa manjano wenye michirizi ya kahawia mgongoni, hivi kwamba mchana ukimkuta juu ya mchanga unaweza kumpita bila kumwona.

Sasa wanafunzi wako watauliza anaishije mahali ambapo mwezi wa Januari baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 30 hasi. Hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe. Nge huyu haishi popote tu. Yeye huchagua miteremko mikavu ya makorongo inayotazama kusini. Ninyi mlio karibu na ikweta, ambao jua huwapitia utosini, huenda msione umuhimu wa jambo hilo, lakini huku wakati wa baridi jua hukaa chini sana upande wa kusini, na mteremko unaolielekea hupata joto ambalo ule wa upande wa pili haulipati kabisa. Theluji yake huyeyuka mapema, na udongo wake huwahi kupata joto. Tena kingo za mto huu humomonyoka na kupasuka, zikaacha nyufa zinazoingia ndani kuliko ule udongo wa juu unaoganda. Majira ya baridi yakikaribia, nge huingia humo na kutulia mpaka majira yabadilike. Kwa hiyo hashindani na baridi ya juu ya ardhi. Yeye huikwepa, na theluji inayowatisha wanafunzi wako hugeuka kuwa blanketi linalozuia joto la ardhini lisipotee.

Kukaa huko chini miezi mingi bila chakula si tabu kwake kama ingekuwa kwa viumbe wengine. Nge kwa jumla hutumia nguvu kidogo mno mwilini wanapopumzika, na mlo mmoja mzuri wa nyenje au buibui huweza kumtosha kwa muda mrefu ajabu. Maisha yake yote yako katika mwendo huo wa polepole: humchukua miaka kadhaa kukomaa, na mama hubeba mimba kwa karibu mwaka mzima. Hatagi mayai, huzaa watoto hai, nao hupanda mgongoni kwake wakakaa hapo mpaka wajibambue gamba lao la kwanza. Mimi naona jambo hili lapaswa kusisitizwa darasani, kwa sababu kiumbe anayezaa kwa taratibu namna hiyo, ukiwaua wakubwa wake kwenye mteremko mmoja, wengine hawarudi upesi.

Njia bora ya kumwona ni kutoka usiku usio na mbalamwezi ukiwa na tochi ya mionzi ya urujuanimno, yaani mionzi isiyoonekana kwa macho, kwani gamba la nge hung'aa kijani chini ya mionzi hiyo. Majira haya ya joto nilimwona jike mmoja kwenye mdomo wa ufa, magando yakiwa wazi mbele yake na mkia umelala ubavuni. Yeye aling'aa mwili mzima, hata viungo vya miguu vikahesabika, lakini mgongoni palikuwa na kirundo cheupe kilichofifia, kisichong'aa. Walikuwa ni watoto. Gamba lao bado ni laini, na mng'ao huo huja tu gamba linapokomaa. Niliinama nikawatazama kwa muda mrefu. Mmoja aliteleza hadi kwenye mguu wa mama, akapanda tena taratibu mpaka akafika kwa wenzake, naye mama hakutikisika hata kidogo.

Kuna jambo jingine linalonistaajabisha zaidi kila nikilifikiri. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita nchi hii yote ilikuwa chini ya barafu nene, ambamo nge asingeweza kuishi. Maana yake ni kwamba mababu wa hawa walibaki kusini, na barafu iliporudi nyuma wakasogea kuja huku, kizazi baada ya kizazi, wakifuata mabonde makavu. Mnyama asiye na mabawa, asiyetoka mbali na ufa wake, amefika latitudo ya 50 kwa miguu yake minane.

Ndiyo maana huniuma kuona watu wakimkanyaga kwa hofu tu. Mwiba wake huuma kama wa nyuki, na isipokuwa kwa mwenye mzio, maumivu hupita bila kuacha madhara. Hawezi kulinganishwa na nge wa magome ya miti wa Arizona, ambaye sumu yake ni ya kuogopwa kweli. Kinachomtishia yeye ni nyumba na mashamba yanayochukua miteremko yenye jua. Huko Okanagan mashamba ya mizabibu hutaka miteremko ileile ya joto anayoitaka nge, na mteremko ukishalimwa na kumwagiliwa maji, haumfai tena.

Ukipata tochi ya aina hiyo, wapeleke wanafunzi kwenye korongo lolote la jirani, kwa kuwa nge wa huko nao hung'aa vivyo hivyo. Lakini tafadhali, wote wavae viatu vya kufunika mguu, na asiwepo wa kugusa, maana baadhi ya nge wa kwenu wana sumu kali kuliko huyu wangu. Wenye magando membamba na mkia mnene ndio wa kukaa nao mbali zaidi. Niandikie mtakachokiona, na kama mtaweza, mpime urefu wao kwa kuweka rula kando, bila kuwashika, ili nami nilinganishe na hawa wa huku.

Nisalimie mama na watoto wote.

Rafiki yako,
Zuhura