Mzee aweze kufika chooni mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaojenga na kukarabati makazi ya wazee hapa Moshi, iwe serikali, madhehebu ya dini au watu binafsi.

Jengo likipigwa rangi nyeupe kila mahali na kuwekwa tailizi zinazong'aa, tunasema limependeza. Mzee wa miaka 80 anaona mengine. Lenzi ya jicho lake imekuwa ya njano na mboni haifunguki kama zamani, hivyo mwanga unaomfikia ni mdogo kuliko unaomfikia mjukuu wake chumba hichohicho. Sakafu ya kung'aa anadhani imemwagika maji. Zulia jeusi mlangoni, kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, laweza kuonekana shimo.

Kuna makazi ninakoenda kumwona shangazi yangu. Korido ni ndefu, milango yote rangi moja. Kibao cha choo ni cha Kiingereza, herufi ndogo, kimebandikwa juu, na shangazi mgongo umepinda. Anafungua mlango wa mwenzake, anaomba radhi, anajaribu mwingine. Mara nyingine hawahi. Wahudumu wanamsafisha bila maneno, Mungu awabariki, lakini aibu inabaki kwake. Siku hizi anajinyima maji ili asitoke chumbani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana mzee akipungukiwa maji huzidi kuchanganyikiwa.

Milango ya vyoo ipakwe rangi moja kali isiyotumika penginepo. Nyekundu inafaa, kuliko bluu na kijani zilizofifia ambazo macho ya uzeeni huzichanganya. Kibao kiwe na picha na neno CHOO, usawa wa macho ya mtu aliyeinama. Kiti cha choo kitofautiane rangi na sakafu, na bomba la kushikilia lipite pande zote mbili za korido. Taa ya njia ya chooni isizimwe usiku.

Vyumba navyo visitambulishwe kwa namba peke yake. Pazia la kanga aliyoichagua mwenyewe, au picha yake ya ujanani, humwonyesha mlango wake hata kama namba 14 imeshamtoka. Na mabenchi ya nje yaelekee Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Wazee wetu wamezoea kujua walipo kwa kuutazama mlima.

Kabla mkandarasi hajakabidhi jengo, mhandisi amwombe mzee mmoja atembee usiku kutoka kitandani hadi chooni bila kuelekezwa, yeye akimfuata nyuma. Mzee akipotea, kazi irudiwe kwanza.

Msomaji wako,
Pasua, Moshi